Yeye Hatusikii, Sisi Twamsikia

Siku ya Pasaka ya mwaka juzi, katika chumba kidogo cha kuvalia nyuma ya kanisa moja la Kibarani mjini Kilifi, Kahonzi Ngumbao alicheka pamoja na wenzake bila kujua kilichochekwa. Alikuwa amepiga magoti, sindano i mdomoni, akishona pindo la joho la mwimbaji mmoja lililofumuka muda mchache kabla ya ibada. Alipoona mabega ya wanawake yakitikisika aliinua uso, akatabasamu, kisha akacheka kama wao. Ndivyo alivyojifunza kuishi tangu utotoni. Watu wakicheka, nawe ucheke. Wakinyamaza, nawe unyamaze. Mtu akikukazia macho akingoja jibu, mwambie, "Naam, ni kweli," na mara nyingi itatosha.

Sikio lake la kuume lilikuwa bovu tangu alipougua surua kule kwao Vitengeni. Usaha ulianza kutoka kabla hajang'oka meno ya utoto. Mamake alikuwa akimdondoshea sikioni mafuta ya nazi yaliyopashwa moto pamoja na kitunguu saumu, kama wazee wote wa wakati ule walivyofanya kwa mapenzi na kwa kukosa jingine la kufanya. Sikio lingetulia kidogo, kisha mvua zikianza lingefunguka tena. Kahonzi alikua nalo, akaolewa nalo, akamzaa mwanawe Kambi nalo, akamzika mumewe nalo. Kipande cha pamba sikioni kikawa kama kipuli chake.

Kazi yake ilikuwa cherehani, pale barazani kwake Kibarani. Lakini fahari yake ilikuwa kwaya ya akina mama, na katika kwaya hiyo, sauti ya pili. Waliosoma shule za misheni zama zile watamwelewa: do-re-mi zimeandikwa ubaoni kwa chaki, mwalimu agonga kile kichuma cha kutafutia sauti ukingoni mwa meza, na watoto wote wa darasa wanyamaza kukisikiliza kikilia. Kahonzi alijifunza sauti ya pili namna hiyo, kwa sikio moja, na hakuipoteza tena. Siku zote alikaa safu ya mbele, mwisho kabisa upande wa kuume, ili sikio zima la kushoto liwaelekee wenzake na lile bovu lielekee ukuta.

Baada ya ibada ile ya Pasaka alirudi nyumbani na Mumbua, muuza mboga wa sokoni, mzaliwa wa Ukambani ambaye miaka mingi ya pwani ilikuwa imemlainisha ulimi lakini haikumfundisha kuficha neno. Mumbua alitembea kimya, jambo ambalo halikuwa desturi yake. Walipofika penye kona ya kinu cha kusagia akasimama.

"Dada Kahonzi, ulicheka nini kule ndani?"

"Nilicheka mlichokicheka."

"Mimi sikucheka."

"Basi walichokicheka wao. Kwani kulikuwa na nini?"

Mumbua alihamisha kikapu kutoka mkono huu hadi mkono ule. "Mwalimu Idah alikuinamia upande wako huo wa kuume, akavuta pua hivi, halafu akasema, 'Huyu hatusikii, lakini sisi twamsikia.'"

Kiswahili kina neno hilo moja kwa mambo mawili: sauti husikiwa, na harufu nayo husikiwa. Kahonzi hakuhitaji kuelezwa. Alisimama pale kando ya njia, joho lake limekunjwa mkononi, na kilichomchoma si maneno yenyewe. Kilichomchoma ni kwamba alikuwa ameyachekea. Alikuwa amemwinulia Idah uso wake, akamwonyesha meno, kana kwamba anamshukuru.

"Alisema kwenye sikio hili?"

"Hilohilo."

"Basi hilohilo ndilo litakalomjibu," alisema Kahonzi, akaendelea na safari.

Mwalimu Idah Mwaringa alikuwa mstaafu wa shule ya msingi, mjane kama yeye, kiongozi wa kwaya kwa miaka ambayo hakuna aliyekumbuka mwanzo wake. Jumatano iliyofuata, kana kwamba alilolisema Pasaka halikutosha, alimwita Kahonzi mbele ya wote. "Mekambi," alimwambia, kwa jina la heshima ambalo Wagiriama humwita mama wa Kambi, "leo ukakae kule nyuma, karibu na dirisha. Upate hewa, mamangu." Safari hii Kahonzi alimtazama midomo na kuelewa kila neno. Alikwenda akakaa nyuma. Aliimba sauti ya pili mpaka mwisho wa mazoezi, na katika kila ubeti alikuwa akimtazama Idah shingoni.

Si kwamba alikuwa mtu wa visasi. Maisha yake yote alikuwa amesamehe kwa sababu hakusikia, na mtu asiyesikia husamehe mengi bila kutaka. Hili la sasa lilimfikia likiwa zima, na likakaa. Hata kanisani, katika Sala ya Bwana, walipofika pale watu wanapoahidi kuwasamehe waliowakosea, Kahonzi alifumba mdomo mpaka mstari upite, kisha akaendelea na wenzake. Alitaka Mungu aone wazi kwamba hakuahidi.

Mwezi huohuo alipanda gari kwenda Malindi, katika hospitali ambayo Mumbua alisikia ina daktari wa masikio.

Daktari huyo, Mwenda kwa jina, alikuwa kijana kutoka Meru mwenye mikono mitulivu. "Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba, mwanangu."

"Sikio linanuka?"

Kahonzi alinyanyuka nusu kutoka kitini. "Mwanangu, huku kwetu mtu haulizwi hivyo."

Daktari aliona haya. "Nisamehe, mama. Kiswahili changu ni cha bara. Niulizeje?"

"Uliza, lina harufu?"

"Lina harufu?"

"Wasemao kwamba wanaisikia wapo. Mimi mwenyewe sisikii."

"Husikii sauti, au husikii harufu?"

"Vyote viwili," alisema Kahonzi, akaketi tena. "Ndilo lililonileta."

Mwenda alisafisha sikio polepole, akalimulika, akalitazama kwa muda mrefu. Kisha akamchorea kwenye karatasi: hapa njia ya sikio, hapa kiwambo kilichotandazwa kama ngozi ya ngoma, hapa nyuma yake vifupa vitatu vidogo vinavyopokezana sauti. Katika ngozi ile ya ngoma akachora tundu. Upasuaji, alieleza, ni kukata kipande chembamba cha utando juu kidogo ya sikio na kukitia pale penye tundu.

"Kiraka," alisema Kahonzi.

"Kiraka hasa."

"Na nitapona?"

Daktari aliweka kalamu chini. "Swali hilo lanisumbua kuliko kisu chenyewe, mama. Siwezi kukuahidi. Naweza kukadiria tu. Sikio lako la pili ni zima, hiyo ni heri. Hili halijawahi kupasuliwa, heri nyingine. Sioni ule uvimbe wa ngozi unaokula mfupa, na hiyo ni heri kubwa. Lakini tundu ni pana, usaha unatoka leo hii, na wewe wapikia kuni."

"Nani amekwambia?"

"Nasikia moshi kwenye nguo zako," alisema Mwenda, na akatabasamu kidogo kwa kuwa alikuwa amelitumia neno vizuri.

Aliendelea kwa utaratibu. Akimpasua wakati ule, kati ya watu kumi wenye sikio kama lake, labda sita tundu lingeziba. Sikio likikaa kavu miezi kadhaa, bila maji, bila moshi, bila mafuta ya aina yoyote ndani yake, angethubutu kusema wanane. Huko ni kuziba tu. Kusikia ni jambo la pili, linategemea vile vifupa, na vifupa hataviona mpaka awe ndani.

"Mimi si katika wale wawili," alisema Kahonzi.

"Mama, sikio halijui mwenyewe anataka nini."

"Litajua."

Akarudi Kilifi akaanza kazi ya kulikausha sikio, na kazi hiyo ilikuwa ngumu kuliko yeyote aliyemzunguka alivyodhani. Alipooga alitia pamba iliyopakwa mafuta ya mgando mlangoni mwa sikio tu, kama alivyoelekezwa, akainamisha kichwa kama mbuzi anyweshwaye dawa. Mafiga yake matatu aliyatoa jikoni akayatupa nyuma ya nyumba, na Kambi, aliyekuwa dereva wa malori kule Mariakani, akamletea jiko la gesi. Mafua yalipomwanza alikimbilia matone ya hospitali siku ileile, asingoje. Wifi yake aliposikia habari hizo alimletea chupa ya mafuta ya nazi yenye kitunguu saumu, akasema, "Yule daktari ni mtoto, Mekambi. Ajua nini? Mamako alikulea na haya." Kahonzi aliipokea chupa kwa mikono miwili, akashukuru sana, na wifi alipoondoka akayamimina yote katika sufuria ya maharagwe. Yalikuwa maharagwe mazuri.

Kila alipochoka, kila kichwa kilipomwasha akatamani kumwagiwa maji ya baridi kama watu wengine, alilitaja neno lile moyoni. Twamsikia. Mara moja lilitosha. Kitu kile kilichomnyima usingizi ndicho kilichomfanya awe mgonjwa mtiifu kuliko wote.

Aliporudi Malindi, Mwenda alimulika ndani, akamulika tena. "Kavu," alisema. "Kavu kama karatasi. Mama, wengi hunishinda hapa. Wewe umewezaje?"

"Kwa hasira, daktari."

Mwenda alicheka. "Hiyo haimo katika hesabu zangu."

"Itie," alisema Kahonzi, wala hakucheka.

Akapasuliwa. Alipozinduka kichwa kimefungwa bandeji, jambo la kwanza alilouliza lilikuwa juu ya vifupa. Daktari alimwambia kimoja kilikuwa kimelika ncha, lakini bado kilishikana na mwenzake, kiraka kimekaa, sasa kungoja. Asipenge kamasi kwa nguvu. Akipiga chafya aifungulie mdomo. Asinyanyue mzigo. Asiimbe.

"Nisiimbe?"

"Mpaka nikwambie."

Hilo la mwisho lilimuuma, kisha akaona lafaa. Aliwaambia wanakwaya ana shughuli za kifamilia Vitengeni, nao hawakuuliza zaidi. Mumbua peke yake ndiye aliyejua, na Mumbua ndiye aliyekuwa akimletea habari pamoja na mchicha.

"Siku hizi hatuimbi, dada, twapiga mayowe. Mwalimu aanzisha juu huko karibu na mabati. Ukimwambia ashushe, aitikia ndiyo, kisha apandisha."

"Hakuna anayemwambia?"

"Nani amwambie Mwalimu Idah kitu?"

Kulikuwa na wakati wa hofu. Majuma machache baada ya bandeji kutolewa, Kahonzi aliamka akakuta doa la unyevu kwenye mto wa kulalia. Alikaa kitandani na mto ule mapajani, akihisi tumaini lote likimvuja. Aliona tundu limefunguka, kiraka kimebanduka, na Idah akicheka. Alisafiri siku hiyohiyo. Mwenda alimulika, akasema ni maji kidogo tu ya kidonda kinachopona; kiraka kimeshika pande zote. Kisha akaenda nyuma yake, upande wa kuume, akafunga sikio la kushoto kwa kidole, akanong'ona maneno mawili.

"Umesemaje?" aliuliza Kahonzi.

Daktari aliinama tena. Akarudia.

"Umesema 'samaki' na 'kitabu,'" alisema Kahonzi, na sauti yake ikakatika. "Nilikusikia mara ya kwanza. Nilitaka kusikia tena."

Novemba ya mwaka uliofuata ilipoingia, na kwaya ikaanza kujifunza nyimbo za Majilio ya Krismasi, Kahonzi alirudi kanisani, daktari amekwisha kumruhusu kuimba. Hakuwa na pamba wala bandeji; kovu lilikuwa nyuma ya sikio, limefunikwa na kitambaa cha kichwa. Wanawake walimsalimu, naye akawasalimu kwa kuwatazama midomo kama zamani. Hakwenda nyuma dirishani. Alikwenda safu ya mbele, lakini safari hii alikaa mwisho wa upande wa kushoto, sikio lake jipya likiwaelekea wenzake wote. Idah alimwona, akafungua mdomo, kisha akaufunga.

Alikuwa ameipanga siku hiyo kwa muda mrefu. Angengoja Idah aseme lolote, neno dogo tu la kejeli, halafu angegeuka na kumjibu mbele ya wote. Akasikiliza. Alisikia viti vikikwaruza sakafu, vitabu vikifunguliwa, mwanamke wa nyuma akilalamika juu ya viatu. Alisikia Idah akitoa sauti ya kuanzia, na nywele zikamsimama. Ilikuwa juu kabisa, tena haikuwa mahali pamoja. Ilitetemeka katikati ya sauti mbili kama mtu anayetafuta ngazi gizani. Wenzake wakaifuata kwa taabu.

"Mwalimu, tushushe kidogo," alisema mmoja kutoka upande wa kushoto wa Idah.

Idah alitabasamu. "Naam, ni kweli," alisema, akaanzisha palepale.

Kahonzi aliacha kuimba. Alimtazama yule mama kama fundi anayeona mshono wa mkono wake mwenyewe katika nguo ya mtu mwingine. Alimwona akigeuza kichwa kidogo ili upande mmoja utangulie. Alimwona akiwakazia watu macho midomoni. Alimwona, mtu aliposema mzaha, akitazama kwanza mabega ya wengine, halafu akicheka, amechelewa kidogo tu. Idah alikuwa akiziwika, labda kwa umri, labda tangu miaka mingi nyuma, na wakati wote ule amejificha nyuma ya ukali wake.

Furaha iliyompanda Kahonzi haikuwa ya Kikristo, naye alilijua hilo. Alisubiri mazoezi yalipositishwa kidogo na wanawake wakakusanyika mezani kunywa chai. Akaenda akasimama nyuma ya Idah, upande ule wa kushoto uliokuwa umekufa, akasema kwa sauti ya kawaida, wala si ya kunong'ona:

"Yeye hatusikii, lakini sisi twamsikia."

Mumbua ndiye aliyetangulia. Chai ilimtoka puani. Kisha wakacheka wote, hata wale waliocheka Pasaka ile, na wengine kwa sababu ile kweli ya nyimbo ilikuwa imewakaa kooni kwa muda mrefu. Idah aliinua uso. Alitazama mabega yao. Akatabasamu, kisha akacheka.

Kahonzi alikitaka kicheko hicho kwa zaidi ya mwaka mzima. Sasa kilikuwa mbele yake, nacho kilikuwa chake mwenyewe: meno yaleyale, macho yaleyale yakizunguka kutafuta maana. Na mtu mmoja tu katika chumba kile, yule aliyekusudiwa, ndiye ambaye neno halikumfikia.

Hilo halikumtosha. Kisasi asichokisikia mlengwa alikiona kama barua iliyoachwa kwa jirani.

Mazoezi yalipokwisha alimfuata Idah nje, kwenye ngazi za kanisa. Wanawake walikuwa bado uani, wakiagana. Alimzunguka akasimama mbele yake, karibu, uso kwa uso, akasema polepole ili midomo isomeke.

"Mwalimu, wajua walicheka nini?"

Idah aliyumba kidogo. "Kitu fulani… kitu cha Mumbua."

"Kitu changu. Nilisema: yeye hatusikii, lakini sisi twamsikia."

Rangi ilimtoka Idah usoni. Alikumbuka, ilionekana wazi kwamba alikumbuka siku, chumba na joho. Akashika ukingo wa ngazi.

"Ni nani aliyekwambia?" aliuliza, kisha akamtazama Kahonzi pale penye sikio, palipokuwa na pamba daima. "Wewe wasikia?"

"Kwa yote mawili. Nilipasuliwa."

"Na mimi… wamejua?"

"Sasa wamejua."

Idah alikaa kwenye ngazi, mkoba mapajani. Kwa muda alikuwa si Mwalimu wa mtu yeyote. Kisha akauliza, kama Kahonzi alivyouliza kule Malindi, "Hupona?"

"Sijui. Lako si la usaha kama langu. Huenda si la kisu hata kidogo. Daktari atakutazama, atakuuliza maswali, kisha atakukadiria. Hatakuahidi kitu. Nitakuonyesha hospitali, nitakufikisha mlangoni. Ndani utaingia peke yako, kama nilivyoingia mimi."

Idah aliinamisha kichwa. Akasema neno, kwa sauti ya chini sana, akiwa amegeukia upande wa kuume wa Kahonzi, kwenye sikio lilelile. Alisema, "Nisamehe, Mekambi."

Sikio lilifanya kazi yake vizuri. Neno lilipita njiani, likapiga kiwambo chenye kiraka, likapokezanwa na kile kifupa kilicholika ncha, likafika likiwa zima. Kahonzi alisimama, akalisikiliza mpaka likaisha.

"Sikukusikia," alisema. "Sema kwa nguvu."

Idah alimtazama. Akavuta pumzi, akasema tena, na kama ilivyo kwa wasiojisikia, sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyokusudia, ikavuka ua mzima, na wanawake wote langoni wakageuka.

"Nimekusikia," alisema Kahonzi. Akafunga kitambaa chake vizuri juu ya kovu. "Jumatatu asubuhi, pale stendi ya magari. Uje mapema, na usitie mafuta sikioni."